Kwa mtumbwi kwenye njia za Livingstone na Stanley: Ujiji, Zambezi au Lualaba?

Kila masika yanapokaribia kuisha huwa napata swali lile lile. Mtu ana likizo ya wiki mbili au tatu, amesoma habari za safari za wapelelezi wa Kizungu wa karne ya 19, Livingstone na Stanley, na anatamani kushika kafi mwenyewe apite walipopita wale watu. Amekwama kati ya njia tatu: ziwa Tanganyika kutoka Ujiji hadi mdomo wa mto Rusizi, Zambezi chini ya Chirundu, mpakani mwa Zambia na Zimbabwe, au mto Kongo na sehemu yake ya juu iitwayo Lualaba, kutoka Maniema.

Nimezaliwa Ujiji na kafi nilifundishwa na mjomba wangu kabla sijajua kusoma, kwa hiyo naomba msomaji ajue mapema kwamba moyo wangu una upande. Hata hivyo nimejitahidi kuzipima njia zote tatu kwa kipimo kimoja. Na jambo moja niliseme kabla ya yote: Livingstone na Stanley hawakupiga makafi. Walipigiwa. Waliojua wapi mkondo unavuta na wapi mwamba umejificha walikuwa Wajiji, Wangwana wa Unguja, Wamakololo, Watonga wa visiwani na Wagenya, wavuvi wa mto Kongo. Anayefuata njia hizi kwa mtumbwi anafuata kazi ya mikono yao, na kwangu mimi hicho ndicho kigezo kizito kuliko vyote.

## Vigezo nilivyotumia

La kwanza ni njia yenyewe: je, maji waliyopita bado yapo, au yamefunikwa na bwawa? Je, walipita kwa mtumbwi kweli, au walitembea kando ya mto? Wengi hushtuka wakijua jibu.

La pili ni maji na mwili, maana mtu anayeweza kupiga kafi saa mbili kwenye maji tulivu huenda asiweze saa sita kwenye mawimbi ya ubavuni. La tatu ni hatari, za wanyama, za maji na za binadamu. La nne ni siku, fedha na ruhusa. La tano ni lugha na watu: utaweza kuzungumza na anayekuongoza, au utakaa kimya kama mzigo? La mwisho ni nani anafaa kwenda huko.

Bei sitaandika, kwa kuwa zinabadilika kila msimu na anayeziandika leo anamdanganya msomaji wa kesho. Nitasema tu fedha nyingi huenda wapi.

## Ujiji hadi mdomo wa Rusizi

Njia ya zamani. Mwaka 1858 Burton na Speke, wapelelezi wa Kiingereza, walipanda mitumbwi Ujiji wakaenda kaskazini hadi Uvira. Walitaka kujua kama mto Rusizi unatoka ziwani au unaingia, kwa sababu ungekuwa unatoka, huenda ungekuwa ndio mwanzo wa Nile. Wenyeji waliwaambia wazi: unaingia. Hawakufika kuuona. Miaka 13 baadaye, Novemba 1871, siku chache baada ya kukutana Ujiji, Livingstone na Stanley waliondoka kwenda kutazama swali hilo hilo. Walisafiri kwenye mtumbwi wa mvule, mti uliokatwa Ugoma, ng'ambo ya ziwa, na chombo chenyewe waliazimwa na Said bin Majid, mfanyabiashara wa Ujiji. Makafi yalikuwa mikononi mwa Wajiji. Walifika, wakaona maji yanaingia ziwani, wakarudi Ujiji katikati ya Desemba. Safari nzima ilichukua siku 28.

Kati ya njia zote tatu, hii ndiyo ambayo mtumbwi ulikuwa mtumbwi tangu mwanzo hadi mwisho. Hakuna bwawa lililofunika kitu. Kilichobadilika ni ziwa lenyewe. Enzi hizo mdomo wa Lukuga, upande wa Kongo, ulikuwa umezibwa na maji yalikuwa juu. Ulipofunguka mwishoni mwa miaka ya 1870, ziwa lilishuka kwa mita kadhaa. Ndiyo maana leo ukisimama kwenye mnara wa kumbukumbu pale Ujiji, penye miembe, ufuko hauko miguuni pako. Unashuka kwa miguu kwanza ndipo ufike kwenye maji. Nilipokuwa mtoto niliamini wazee walikosea mahali.

Maji na mwili. Kwa kufuata ufuko ni chini kidogo ya kilomita 200 hadi Bujumbura. Hakuna mkondo wa kukubeba, kila hatua unaivuta wewe. Ziwa lina kina kinachofika karibu mita 1,470 na huwezi kuligusa kwa upondo hata hatua chache tu kutoka nchi kavu, maana milima inashuka moja kwa moja majini. Kiangazi, kuanzia Mei hadi Septemba, upepo wa kusini huvuma kwa nguvu. Ukielekea kaskazini unakusukuma kutoka tezi, jambo zuri kwa masikio, ila mawimbi ya nyuma humgeuza ubavu mtu asiyejua kutuliza chombo kwa kafi. Kazi hufanywa alfajiri. Saa nne au saa tano asubuhi wajuzi huwa wameshavuta mtumbwi mchangani.

Chombo cha kienyeji hupitisha maji kidogo kidogo, na kufua maji, yaani kuyachota na kuyamwaga nje, ni kazi ya kila anayekaa katikati. Usione aibu kupewa kata badala ya kafi siku ya kwanza. Nami nilianzia hapo.

Hatari. Upepo ndio mkubwa. Mamba na viboko wapo, hasa kwenye midomo ya mito na kwenye matete ya Rusizi. Kichocho kipo kwenye fuko zenye watu wengi, na maji ya kunywa yachemshwe hata yaonekane safi namna gani. Hatari ya binadamu iko mwisho wa njia. Rusizi umekaa mpakani mwa Burundi na Kongo, na Februari 2025, Bukavu ilipotekwa, maelfu ya wakimbizi waliuvuka mto huo kuingia Burundi. Mtu asiende delta ile kwa kujiamini. Hali iulizwe wiki hiyo hiyo, na ikiwa shwari, aingie kwa upande wa Burundi kupitia Hifadhi ya Taifa ya Rusizi pamoja na mwongozaji wa pale.

Siku, fedha na ruhusa. Siku 8 hadi 10 kwa mwendo wa kibinadamu, upepo ukikubali. Fedha nyingi ni ujira wa wapiga kafi na chakula chao, na hiyo ni fedha inayobaki ufukoni. Ukitua Gombe utalipa ada ya hifadhi, hata kama umetua kukimbia mawimbi tu, kwa hiyo panga dago lako, yaani kambi ya ufukoni, kabla au baada yake. Kijiji cha Mwamgongo kiko kaskazini tu ya hifadhi. Kagunga ndicho kijiji cha mwisho cha Tanzania. Kuhusu muhuri wa pasipoti, uliza ofisi ya uhamiaji Kigoma kabla hujapakia, kwa sababu mtu akitokea Nyanza-Lac bila muhuri wa kutoka hukosa maneno.

Lugha na watu. Hapa Kiswahili kinakutosha tangu ufuko wa kwanza hadi Bujumbura. Usiku usio na mbalamwezi wavuvi wa dagaa huwasha taa, na ukiwa kwenye dago mchangani utaona mstari wa taa mweupe umelala juu ya maji kama mji mwingine. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi ni taa za betri na za jua. Usiku mmoja karibu na Mwamgongo nilimuuliza mzee aliyekuwa akishona wavu kama ana habari za Wazungu wawili waliopita hapo. Akaniuliza, "Walikuwa na nani kwenye mtumbwi, mwanangu?" Nikamwambia Wajiji. Akasema, "Basi hao hawakupotea." Akaendelea kushona.

Kusini kidogo ya Bujumbura, mahali paitwapo Mugere, kuna jiwe kubwa lenye majina ya Livingstone na Stanley na tarehe 25 Novemba 1871. Wageni wengi hudhani hapo ndipo walipokutana. Walikuwa wamepumzika tu, wakielekea kwenye mto.

Inamfaa nani. Anayetaka kupiga kafi kweli, kuzungumza na watu, na asiyehitaji kuona tembo. Pia mzazi mwenye kijana mkubwa anayejua kuogelea, kwa kipande cha Kigoma hadi Kagunga na kurudi.

## Zambezi, Chirundu hadi Mana Pools na mbele yake

Njia ya zamani. Livingstone aliondoka Linyanti Novemba 1855 akiwa na wanaume 114 aliopewa na Sekeletu, mfalme wa Wamakololo. Katikati ya mwezi huo alipelekwa kwa mtumbwi mwepesi, na wenyeji waliozoea mawe ya pale, hadi kisiwa kilicho kwenye ukingo wa maporomoko ya Mosi-oa-Tunya. Jina hilo Mswahili halimpi shida: moshi unaonguruma. Mtumbwi ule ulisimama pale kwenye kingo kwa sababu aliyeuongoza alijua hatua ya mwisho iko wapi. Mgeni akayapa maporomoko jina la malkia wake, Victoria.

Baada ya hapo alitembea. Alikata nyanda za juu za Batoka, akashukia Kafue, akafuata ukingo wa kaskazini wa Zambezi kwa miguu hadi pale mto Luangwa unapoingia, Januari 1856. Watu wa chifu Mburuma walikusanyika pale na silaha, wakamwazima mtumbwi mmoja tu wa kuvusha msafara mzima, naye akawatuliza kwa saa yake na kioo cha kukuza huku watu wake wakivuka kundi kwa kundi. Alifika Tete mwezi Machi, na kwa kuwa alikuwa ameuacha mto kabla ya kufika Kebrabasa hakuyaona maporomoko yake. Kosa hilo lilimrudia mwaka 1858, alipokuja na boti ya mvuke, Ma Robert, akakuta mto hauruhusu kupanda.

Kwa hiyo anayepiga kafi Chirundu hadi Luangwa anapita sambamba na nyayo zake, akiwa majini wakati yeye alikuwa ukingoni. Juu kuna bwawa la Kariba lililokamilika 1959, chini kuna Cahora Bassa lililoanza kujaa mwishoni mwa 1974 na kuyazamisha maporomoko yaliyomshinda. Kipande cha katikati ndicho kilichobaki mto, na hata hapo kima cha maji kinategemea milango ya Kariba.

Wale 114 niwaseme kidogo, kwa sababu vitabu huwaacha Tete. Livingstone alisafiri kwenda Uingereza akawaacha wamsubiri. Walisubiri hadi 1858. Kama 30 walikufa kwa ndui, 6 waliuawa na mtawala wa jirani. Sekwebu, mkalimani wake, alikwenda naye hadi Mauritius na huko akajitupa baharini akili ikiwa imemvurugika. Hao ndio ninaowafikiria pale mto unapokuwa mpana na kimya.

Maji na mwili. Hapa ndipo mwili unapumzika. Mkondo unakubeba, hakuna maporomoko kati ya Chirundu na Mana Pools, na mitumbwi ni ya faiba ya watu wawili, myepesi. Adui wa mkono ni upepo wa mchana unaovuma dhidi yako, ndiyo maana wote huanza jua likichomoza. Mtu wa kawaida mwenye afya anaweza.

Hatari. Viboko. Sijui namna nyingine ya kulisema. Mwongozaji wetu aliposogelea kundi alinyanyua kafi akagonga ubavu wa mtumbwi: ko, ko, ko. Vichwa vikaanza kuibuka, masikio yakizunguka na kurusha matone. Akahesabu kwa sauti ya chini, akafika nane, akasimamisha mitumbwi yote kwenye maji ya kina kifupi cha pembeni. Tulikaa. Mkondo ulikuwa unatuvuta na sote tukashika matete kwa mikono. Nikamuuliza tunangoja nini na vichwa vyote viko kule. "Jana walikuwa tisa," alisema. Dakika kadhaa baadaye yule wa tisa akaibuka kati yetu na wenzake, mahali hasa tulipokuwa tunataka kupita. Kiboko aliye kwenye maji mafupi hukimbilia kina, na ukiwa katikati yake na kina chake umekuwa ukuta. Sheria yote ya kafi kwenye Zambezi imejengwa juu ya jambo hilo.

Mamba ni wengi na wakubwa, kwa hiyo mkono haukai majini na hakuna kuogelea. Usiku, hema lifungwe, chakula kisiachwe ndani. Matunda hasa, tembo wanayanusa.

Siku, fedha na ruhusa. Chirundu hadi Mana Pools ni siku 3 au 4. Wanaoendelea kupita korongo la Mupata hadi Kanyemba, karibu na mahali Livingstone alipovuka Luangwa, huongeza siku 5 au zaidi. Msimu ni kiangazi, Mei hadi Oktoba, na Oktoba joto ni la kukausha midomo. Hii ni safari inayouzwa na makampuni, pamoja na mwongozaji mwenye leseni, ada za hifadhi na usafiri wa kukurudisha, na ndiyo ya bei ya juu kwa kila siku moja. Faida yake ni kwamba karatasi zote wanazishughulikia wao. Kabla hujalipa, uliza mambo mawili tu: jaketi okozi zina umri gani, na mwongozaji amefanya kazi kwenye kipande hicho misimu mingapi. Mimi nilipewa jaketi lililokuwa limepasuka kifuani, nikakataa kuingia majini hadi nilipoletewa jingine. Tulichelewa saa nzima na siijutii hata dakika moja.

Lugha na watu. Kiswahili hakikutoshi, Kiingereza kinatumika. Lakini sikiliza vizuri: kwa Kinyanja maji ni *madzi*, tembo ni *njovu*, kiboko ni *mvuu*. Siku ya pili utakuwa unashika nusu ya mazungumzo ya wapishi. Kijiji, hata hivyo, utakiona kidogo. Kingo zote mbili ni hifadhi kwa sehemu kubwa, na watu waliokuwa wakiishi bonde la Zambezi walihamishwa kwa nyakati tofauti. Anayetafuta wajukuu wa wapiga kafi hatawapata kwenye kipande hiki.

Inamfaa nani. Asiye na uzoefu lakini mwenye nidhamu na fedha, mpenda wanyama, mwenye wiki moja tu. Haimfai asiyeweza kutii amri papo hapo, kwani mwongozaji akisema piga kafi kushoto hakuna muda wa kuuliza kwa nini.

## Lualaba na Kongo

Njia ya zamani. Novemba 1876 Stanley aliondoka Nyangwe, soko kubwa la wafanyabiashara wa Kiswahili na Kiarabu kwenye Lualaba, akiwa na watu wake wa kutoka Unguja na Bara, boti yake ya vipande iitwayo Lady Alice, na Tippu Tip, mfanyabiashara mkubwa wa misafara, ambaye Stanley alimlipa amsindikize. Mwishoni mwa Desemba Tippu Tip aligeuka. Januari 1877 wakavuka maporomoko saba ya Boyoma kwa kuvuta mitumbwi msituni, Machi wakafika Malebo, mahali mto unapotanuka penye Kinshasa ya leo, kisha miezi karibu mitano ya maporomoko hadi Boma, tarehe 9 Agosti. Kalulu, kijana aliyewahi kupelekwa London, alizama mwezi Machi. Frank Pocock, Mzungu wa mwisho aliyebaki na Stanley, alizama tarehe 3 Juni. Waliobaki walirudishwa Unguja kwa meli kupitia Rasi ya Tumaini Jema, wakafika Novemba 1877.

Lazima tuseme ukweli wote. Njia hii ilifunguliwa kwa bunduki. Msafara ulipigana na vijiji vingi njiani. Na kabla ya Stanley, Nyangwe yenyewe iliona mauaji: Julai 1871 Livingstone alishuhudia watu wa wafanyabiashara wakiwafyatulia risasi wanawake waliokuja sokoni. Kiswahili unachokisikia leo Kindu na Kasongo kilifika kwa misafara hiyo ya pembe na watumwa. Mswahili anayepanda mtumbwi pale anapokelewa kama ndugu, na ni vizuri ajue babu zake wa lugha walifika vipi.

Mtu wangu wa njia hii ni Uledi, mshika usukani wa Lady Alice. Aliwaokoa wenzake wengi kwenye maporomoko. Kisha, wakati wa njaa, akakutwa ameiba shanga, ambazo zilikuwa ndizo fedha za chakula cha msafara. Baraza liliketi likahukumu apigwe. Ndugu yake Shumari akasimama akaomba apigwe yeye nusu ya adhabu. Binamu yake Saywa naye akajitoa, akikumbusha jinsi Uledi alivyowaokoa watu wengi mtoni. Stanley akamsamehe. Kila nikifikiri juu ya mto ule namwona yule binamu amesimama mbele ya baraza, mwenye njaa kama wengine.

Maji na mwili. Gawanya mto vipande, la sivyo utakumeza. Kindu hadi Ubundu ni kama kilomita 300 za maji yanayopitika. Ubundu hadi Kisangani ni Boyoma, maporomoko saba kwenye umbali wa takriban kilomita 100, na hapo unakwenda kwa nchi kavu. Kisangani hadi Kinshasa ni kama kilomita 1,700 bila poromoko hata moja, mto ukitanuka na kujaa visiwa hadi usijue ukingo ni upi. Kwa kafi ni wiki nyingi. Chini ya Malebo usifikirie. Mwaka 1985 msafara wa Mfaransa Philippe de Dieuleveult, watu saba, ulipotelea karibu na Inga.

Hatari. Mamba na viboko wapo, lakini kinachoua zaidi ni dhoruba za ghafla kwenye mto mpana, malaria, na umbali kutoka hospitali. Wasafiri wa mtoni hukutana na vizuizi na madai ya malipo. Usalama wa mashariki ya Kongo hubadilika mwezi kwa mwezi. Maniema imepakana na Kivu, na lililo shwari Kindu mwezi huu linaweza lisiwe hivyo mwezi ujao. Maji usiyoyafika hujui wingi wake, na haya ni maji ambayo hata wenyeji huyauliza kila asubuhi.

Siku, fedha na ruhusa. Kindu hadi Ubundu tenga siku 10 na nyingine za kusubiri. Kisangani hadi Kinshasa kwa kafi, miezi miwili. Mtumbwi wa mti mmoja utaununua pale pale na kuuza mwishoni kwa hasara. Fedha nyingi zitakwenda kwenye karatasi: barua za utambulisho, cheti cha homa ya manjano, na nakala za kila kitu kwa kila kituo. Beba noti nyingi ndogo. Ukosefu wa barua hugharimu kuliko mafuta ya injini.

Lugha na watu. Kindu hadi Kisangani ni Kiswahili, chenye ladha yake. Ukishuka kupita Basoko kuelekea Bumba na Lisala, Kilingala kinatawala. Kisangani usiondoke bila kukaa nusu siku kwa Wagenya. Wamesimika miti mikubwa ya miguu mitatu katikati ya povu, wakaning'iniza mitego ya nyavu na vikapu vyenye umbo la pia, na vijana hupanda juu yake bila kamba wakati maji yananguruma chini ya nyayo. Nilimwona mmoja akishusha kikapu, akakipindua, samaki wawili, akakirudisha. Hakuangalia maji hata mara moja. Alikuwa anaangalia mti ulivyotikisika.

Inamfaa nani. Mzoefu wa mitumbwi mwenye muda mrefu, Kifaransa kidogo, na angalau mwenzake mmoja mwenyeji wa mto kuanzia mwanzo. Asiye na hayo aende Kisangani kwa ndege, aone Boyoma na Wagenya, apande mtumbwi siku moja au mbili na wenyewe. Hiyo nayo ni safari kamili.

## Uende wapi, kwa hali yako

Ukiwa na wiki moja na hujawahi kushika kafi, Zambezi. Utalipa zaidi na utaona watu wachache, lakini utarudi salama ukifuata amri.

Ukiwa na wiki moja na fedha kidogo, na unajua kuogelea, Kigoma hadi Kagunga na kurudi. Usilazimishe kufika Rusizi.

Ukiwa na wiki mbili na unachotaka ni ile ile njia, kwa chombo kile kile, Ujiji hadi Bujumbura, kuondoka Juni, na delta ya Rusizi uiamue ukiwa Bujumbura kwa habari za siku hiyo. Ikishindikana, Mugere panatosha. Hapo nao walipumzika.

Ukiwa na watoto wadogo, hakuna hata moja kati ya hizi tatu kwa safari ya kulala njiani. Wapeleke Ujiji, wapande mtumbwi asubuhi moja pembeni ya ufuko, wapewe kata wafue maji.

Ukiwa mzoefu na unaivutia Kongo kwa sababu ya lugha, Kindu hadi Ubundu, baada ya kuzungumza na watu wawili tofauti waliopita huko mwezi huo huo. Wakitofautiana, subiri mwaka mwingine.

Na kokote uendako, uliza majina ya watakaokuwa kwenye mtumbwi nawe, majina kamili, uyaandike kwenye daftari kabla ya kuandika jina la mto. Daftari langu la safari ya Mwamgongo linaanza hivyo: wapiga kafi wanne, mshika tezi, na mpishi.